Herufi ya Cak Sarpan

Picha iliingia kwenye simu ya Lathifah siku kumi na mbili kabla ya Idi, saa nne asubuhi, akiwa mbele ya kompyuta anasawazisha kingo za herufi g. Aliyeituma ni binamu yake Wiwin, mwenye kibanda cha kambare wa kukaanga huko Bekasi. Ilionyesha upande mmoja wa barabara. Vibanda vitatu vilifuatana, kila kimoja na bango lake la kitambaa lenye jogoo, bata na kambare, na juu ya wanyama hao jina la mwenye kibanda baada ya neno Cak, yaani kaka. Cak Slamet. Cak Sugeng. Cak Sutris. Kila S ilikuwa na mkia.

Chini ya picha Wiwin alikuwa ameandika: "We Tifah, Cak Sarpan kafungua matawi mangapi? Au mzee siku hizi anagawa S kama pipi?"

Lathifah aliikuza picha kwa vidole viwili. Hakuhitaji kuitazama sana. Ndani ya kila S, kwenye tumbo la juu, palikuwa na ufa mweupe mwembamba, mahali ambapo nywele za brashi ziliachana na rangi ikaruka. Mkono wa mtu unaweza kuachanisha nywele za brashi mara elfu, lakini hauwezi kuziachanisha mahali palepale mara tatu. Mabango yale hayakuchorwa. Yalichapwa kwa mashine, na fonti iliyotumika ilikuwa yake yeye.

Baba yake, Kasmuin, alichora mabango tangu mwaka wa tisini. Watu wa Lamongan, wilaya yao, huenda mijini kukaanga kambare kama wengine waendavyo kujenga nyumba, na bango huondoka na mtu kutoka kwao, limekunjwa chini ya kikaango. Kasmuin alikuwa na utaratibu wake. Kila familia aliyoichorea aliipa herufi ya mwanzo ya kwake peke yake. Aliziweka kwenye daftari la jalada jeusi, ukurasa mmoja kwa familia moja, na hakuna aliyewahi kuomba herufi ya mwenzake akapewa. Sarpan alipewa S yake mwaka 1991, alipokwenda Bekasi na kikaango kimoja na mke mjamzito. Mkia wa S hiyo ulishuka, ukapita chini ya jina zima, halafu ukajikunja kwenda juu kama kambare anayegeuka ndani ya beseni. Huko Bekasi wateja hawakusema twende kwa Sarpan. Walisema twende kwa mkia. Kwa miaka thelathini na tatu, wengine wote wenye S walipewa S nyingine.

Fonti ilitoka miaka mitatu iliyopita. Lathifah alikuwa amesomea usanifu wa michoro Surabaya, akarudi nyumbani, na tangu mama yake alipofariki waliishi wawili tu: baba anachora uani, binti anatengeneza fonti chumba cha mbele na kuziuza mtandaoni kwa watu asiowajua. Fonti za mwandiko wa brashi ndizo zilizotoka zaidi. Watu wa nchi za mbali walizitaka kwa vibandiko vya kahawa, kadi za harusi na fulana. Siku moja aliona kwamba mwandiko wa brashi uliokuwa bora kuliko wote aliowahi kuuona ulikuwa unakauka kwenye kamba ya nguo, hatua kumi kutoka kwenye kiti chake. Alikusanya mabango ya zamani, akayaskani kipande kwa kipande, akachagua herufi moja moja. Fonti akaiita Kasmuin.

Kwa S alikuwa na saba mbele yake. Aliipima ya Sarpan na nyingine sita kwa vigezo vilevile: uzito wa wino, kasi ya mkono, jinsi rangi inavyokauka mwishoni. Ya Sarpan ilizishinda zote. Baba yake alisimama nyuma ya kiti akiangalia skrini.

"Huna S nyingine, Nduk, mwanangu?" aliuliza.

"Ninazo sita, Pak. Hii ndiyo bora."

Kasmuin alitoka kwenda uani akaosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Katika nyumba ile hakuna aliyemwambia mwenzake hapana. Anayekataa huuliza swali mara moja, na swali lake lisipoeleweka huondoka chumbani. Lathifah alizaliwa ndani ya utaratibu huo na aliujua kama anavyoijua njia ya kisimani. Lakini alikuwa ametangaza kwamba fonti itatoka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Aliamua kukihesabu kimya cha baba yake kuwa ruhusa. Kosa ni hilo, na hakuna namna ya kulieleza likawa dogo.

Tena kulikuwa na jambo la kipimo. Mkononi mwa mchoraji mkia hurefushwa au kufupishwa kulingana na jina. Ndani ya fonti mkia una urefu mmoja, na Lathifah aliupima kwenye bango la Sarpan lenyewe: herufi sita. Kwa jina la herufi nne mkia unazidi na kuning'inia hewani. Kwa jina la herufi nane unaishia njiani. Slamet, Sugeng na Sutris ni majina ya herufi sita, na mkia uliwakaa kama kanzu iliyokatwa na fundi wao.

Aliichukua simu akampelekea baba yake uani. Kasmuin alifuta mikono kwenye saruni, akaitazama picha kwa karibu, halafu kwa mbali.

"Cak Sarpan anarudi lini?"

"Kama kila mwaka. Siku mbili kabla ya Idi."

"Basi irudishe kabla hajafika."

"Nirudishe nini, Pak?"

"Herufi ya watu. Ulichukua, rudisha." Alisema kwa upole kabisa, kama anayezungumzia sufuria ya jirani.

Lathifah hakumwambia kwamba haiwezekani. Kwanza alitaka kuwa na ushahidi.

Siku hiyohiyo aliiondoa fonti sokoni. Siku mbili zilizofuata alichora S mpya isiyo na mkia, akatoa toleo la pili, akawaandikia wote walionunua la kwanza akiwaomba walibadilishe. Wanunuzi walikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Waliofungua barua ni mia nne. Waliojibu ni tisa. Mmoja alimpongeza kwa Idi. Wawili walidhani ni ulaghai. Sita walitaka kujua kama wakiweka toleo jipya watapoteza ule mkia, kwa sababu ndio uliowafanya wanunue. Alipowajibu kwamba ndiyo, hawakuandika tena.

Kisha alitafuta tovuti zinazogawa fonti za watu bure. Alizipata kumi na moja zenye Kasmuin. Aliziandikia zote. Mbili ziliifuta. Alipotafuta tena baada ya siku nne, zilikuwa kumi na nne.

Siku ya tisa kabla ya Idi walikwenda mjini wote wawili kwa pikipiki, kwenye duka la kuchapa mabango lililo nyuma ya soko la samaki. Mwendesha mashine aliitwa Gito, mtu wa miaka arobaini hivi, kalamu sikioni na futari yake tayari kwenye mfuko wa plastiki ingawa ilikuwa saa sita mchana.

"Karibu, Mbak, karibu dada. Bango la Idi? Foleni ni ndefu, lakini kwa mgeni mzuri tunapenyeza."

"Sitaki bango. Nataka uniondolee fonti moja kwenye kompyuta yako."

"Ala! Watu huja kuongeza, wewe umekuja kupunguza. Ipi hiyo?"

"Kasmuin."

"S ya kambare!" Gito alipiga meza. "Hiyo siwezi, Mbak, utaniua. Msimu huu ndiyo inayotulisha. Juzi kaja mtu anaitwa Bambang, anataka mkia. Namwambia, kaka, wewe ni B, mkia ni wa S. Ananiambia, basi andika Sambang."

"Uliinunua?"

"Nilipewa kwenye flashi. Aliyenipa naye alipewa. Kuanzia hapo kwenda juu, muulize Mungu."

"Niliitengeneza mimi."

Gito alimtazama, akamtazama na mzee aliyesimama mlangoni kwa kofia yake mkononi. "Kweli? Na Kasmuin ni nani? Mimi nikajua ni marehemu. Fonti huwa wanazipa majina ya marehemu."

"Bado," alisema Kasmuin.

Gito aliona haya, akavuta viti viwili, akaomba radhi mara tatu. Alipokea flashi ya Lathifah kwa mikono miwili na kuweka toleo la pili hapohapo, mbele yao, akaandika Slamet. S isiyo na mkia ilitokea kwenye skrini. Wote watatu waliitazama.

"Nzuri," Gito alisema kwa adabu. "Ila mteja ataniuliza iliyobaki iko wapi."

"Mwambie ina mwenyewe," Lathifah alisema.

"Nitamwambia, Mbak. Halafu yeye atavuka barabara aende kwa yule wa ng'ambo. Yule naye anayo. Na wa pale kwenye taa anayo." Alikuna shingo kwa kalamu. "Nisikudanganye, siku ya mfungo hii. Nitaziweka zote mbili. Akitaka hii, nampa hii."

Nyuma yake mashine ilikuwa inateremsha bango la mtu, utepe kwa utepe. Kasmuin aliisogelea akaikodolea macho mpaka jina likatoka lote. Njiani kurudi alizungumza mara moja tu, kwa sauti ya kuushinda upepo. "Haichori herufi," alisema. "Inachora vipande vya herufi zote kwa pamoja. Haijui inaandika nini."

Siku ya nne kabla ya Idi Lathifah alimwekea baba yake karatasi mezani: wanunuzi wangapi, majibu mangapi, tovuti ngapi, maduka mangapi mjini. Alimweleza kila namba. Kasmuin alisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

"Kwa hiyo haijarudi," alisema.

"Hairudi, Pak. Haipo mahali pamoja. Nikiifuta yangu, wao wanabaki nayo."

"Hata ukiwaomba?"

"Nimewaomba."

Alikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. "Basi nitamwambia mimi mwenyewe. Siku ya Idi mtu husamehewa. Lakini lazima kwanza ajue anasamehe nini."

Siku ya pili ya Idi walivaa nguo mpya wakaenda kwa Sarpan. Nyumba ilikuwa imejaa. Sarpan aliketi kwenye zulia, mrefu, miaka sitini na sita, mikono yote miwili ina madoa ya mafuta ya moto kuanzia kiganja hadi kiwiko. Mbele yake palikuwa na mitungi ya biskuti za nanasi na wageni wa vijiji vitatu. Kasmuin alipiga magoti, akamshika mikono.

"Cak, Idi njema. Naomba radhi, ya nje na ya ndani—"

"Na mimi kwako, Muin, na mimi kwako, ya nje na ya ndani. Tumeanza sifuri. Kaa, kula. Tifah, mbona umekonda? Kompyuta haipiki?"

"Cak," Kasmuin alisema, "yangu mwaka huu ina jina. Kuna jambo—"

"Halina jina tena, limesamehewa," Sarpan alisema, akamsukumia mtungi wa biskuti kifuani.

Kundi la wageni liliingia, likapiga magoti kwa zamu, likaomba radhi, likapewa. Kasmuin alisubiri. Watu walipopungua alisogea tena kwa magoti. "Cak, ile S—"

"Muin, unakumbuka ule mwaka wa mafuriko, bango langu lilielea mpaka kwa mkwe wako? Tulicheka!" Na Sarpan alicheka, na waliokuwapo wakacheka pamoja naye, na kicheko kilipokwisha chai ilikuwa imeletwa.

Mara ya tatu Kasmuin alitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne akaiweka zuliani. Sarpan aliifunika kwa kiganja kabla haijafunguliwa. Aliinamisha kichwa chake karibu na cha mwenzake, na Lathifah, aliyeketi nyuma ya baba yake, ndiye pekee mwingine aliyesikia.

"Nikikusikiliza nitakumbuka," Sarpan alisema. "Nikikumbuka nitakuwa sijakusamehe. Mwezi mzima nimefunga, Muin, na vidonda vya tumbo hivi. Unataka nianze upya?"

Akairudisha karatasi kwenye mfuko wa shati la Kasmuin na kuubandika mfuko kwa kuupiga vibao viwili vidogo. Kasmuin alikuja na mzigo akitaka apokewe, na mwenye nyumba alimpokea yeye kwa mikono miwili, mzigo akamwacha nao.

Lathifah alitoka nyuma kurudisha vikombe. Rohmad, mtoto wa kwanza wa Sarpan, yule aliyekwenda Bekasi tumboni, alikuwa anachoma sigara karibu na pampu ya maji. Sasa ndiye aliyekuwa akikaanga kibandani.

"Mzee kanikataza kusema," alisema.

"Sema."

"Kabla ya mfungo, mtu aliumwa tumbo kwa Sutris. Siku ya pili mke wa mgonjwa kaja kwetu, kachukua bakuli la sambal, pilipili yetu ya kusaga, kalimwaga mezani, mbele ya wateja. Ninyi wenye mkia, anasema. Namwambia mama, siyo sisi. Ananionyesha bango, anasema mimi sijui kusoma lakini siyo kipofu." Alivuta sigara. "Tulikuwa tunamaliza kambare themanini kwa siku, Mbak. Sasa arobaini. Wiki ya mwisho, thelathini na tano. Watu wanauliza kama sisi ni tawi la Slamet. Slamet! Kaja pale mwaka jana, hajui hata kuosha samaki."

"Nimeiondoa sokoni."

"Wiwin kaniambia. Lakini huwezi kuizima? Kama wanavyozima laini ya simu ikiibwa?"

"Siwezi."

"Hata kidogo? Ikatike mkia tu, jina libaki?"

"Siwezi, Rohmad. Iliyokwisha kutoka siifikii."

Rohmad aliwaza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomsumbua Lathifah; hasira angejua pa kuiweka. "Ajabu," alisema mwishowe. "Vitu vyote vina mwenyewe. Hiki kina watu elfu mbili, halafu wewe humo."

Walipokuwa wanaaga, Sarpan aliwasindikiza mpaka barazani na kuongea kana kwamba jambo limemjia sasa hivi.

"Muin, nichoree bango jipya. Basi letu ni Jumatano, baada ya sikukuu ya wali wa ketupat."

Uso wa Kasmuin ulifunguka. "Nitaanza leo hii, Cak. Mkia nitau—"

"Bila mkia."

"Bila?"

"Mkia sasa ni wao. Wako watatu, mimi mmoja. Nikiuvaa mimi ndiye naonekana nimeiga."

"Basi nitakutungia mwingine. Nitakutungia S nzuri kuliko ile, Cak, nipe siku mbili tu."

Sarpan alitikisa kichwa. Alitabasamu, lakini maneno aliyatoa polepole, moja moja, kama mtu anayeagiza dawa. "Ukinipa nzuri itapendwa. Ikipendwa itaondoka. Nipe mbaya, Muin. Nipe S ambayo hakuna mtu ataitaka."

Kasmuin alifanya kazi siku tatu. Siku ya kwanza alitandaza magazeti uani na kuchora S mbaya kumi na tisa. Lathifah alizihesabu kutoka dirishani. Ya kwanza ilikuwa imevimba tumbo la chini, ya pili ilikuwa imeegemea nyuma kama mlevi, na kadiri alivyoendelea ndivyo zilivyozidi kuwa nzuri. Mtu aliyechora vizuri miaka thelathini na nne hachori vibaya kwa kutaka. Akiivimbisha herufi, uvimbe unakaa mahali pake. Akiiegemeza, inapata mwendo. Ile ya kumi na nne Lathifah angeiweka kwenye fonti bila kuigusa.

"Hii vipi?" Kasmuin aliuliza akimwonyesha ya kumi na tisa.

"Nzuri, Pak."

Akaikunja akaitupa.

"Shika kwa mkono wa kushoto," Lathifah alimshauri. Kasmuin alijaribu. Mkono wa kushoto ulitetemeka, na mtetemeko ulitoa kingo zilizochanika ambazo watengeneza fonti wenzake Lathifah hutumia siku nzima kuziiga. Hakumwambia. Alisema tu kwamba nayo haifai.

Siku ya pili Kasmuin alisema ataandika S ya kawaida, kama ya vitabu vya shule, basi. Alitundika kitambaa cha amerikani kwenye fremu, akapiga mistari kwa uzi wa chaki, akachovya brashi. Alishusha tumbo la juu, akageuza, akashusha tumbo la chini, na pale mwisho, mahali pa kuinua mkono, mkono haukuinuka. Ulikwenda kulia, ukapita chini ya nafasi ya herufi tano ambazo bado hazijaandikwa, ukajikunja juu. Ilichukua muda wa kupenga kamasi. Kasmuin alitazama kitambaa, kisha akautazama mkono. Alitundika kingine. Safari hii alikuwa akijisemea kwa sauti, inua, inua, inua, na aliinua, lakini baada ya shubiri moja.

Lathifah alitoka akasimama kando yake. Ndani ya kompyuta kazi hiyo ilikuwa ya kubofya mara moja: unashika nukta, unaifuta, mkia haupo. Alitazama mgongo wa baba yake na jasho lililoloanisha shati kati ya mabega, na hakuona nukta ya kushika.

"Nikushike mkono, Pak?"

"Unishike vipi? Mimi ndiye ninayeusukuma."

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumanne, Kasmuin alikwenda dukani akarudi na utepe wa karatasi wa gundi, ule wa mafundi wanaopaka rangi magari. Alitundika kitambaa cha tatu. Alipima kwa vidole mahali S inapopaswa kuishia, akabandika utepe kuanzia hapo kwenda kulia, tabaka tatu, upana wa kiganja, mpaka mwisho wa jina. Kisha alichora bila kujizuia. Brashi ilishuka, ikageuka, ikashuka, ikapanda juu ya utepe na kwenda zake mpaka kule mwisho, ikajikunja. Aliusubiri ukauke nusu. Akaubandua. Mkia wote ulitoka mara moja, ukamning'inia mkononi, na juu ya amerikani ilibaki S iliyokatika ghafla, ukingo wake umenyooka kama uliokatwa kwa panga.

Alimalizia herufi tano zilizobaki, jogoo, bata, kambare. Saa kumi alasiri Rohmad alikuja na gunia la kubebea. Alisimama mbele ya bango, mikono kiunoni.

"Lik Muin," alisema, "hii, baba mdogo, hakuna mtu ataitaka. Kama kisiki."

"Ndivyo baba yako alivyoagiza."

Lathifah aliitazama S kwa jicho la kazi yake, na hakuweza kulizuia jicho lisione. Ukingo ule ulionyooka, baada ya mwendo wote ule wa brashi, ulisimamisha jina zima. Mkato ulikuwa na nguvu kuliko mkia. Hakukuwa na fonti yoyote sokoni yenye kitu kama kile, na alijua kwa hakika ileile anayojulia vipimo kwamba mtu wa kwanza mwenye macho atakayeiona ataitaka.

Rohmad alikuwa ameshatoa simu.

"Usipige picha," alisema Kasmuin.

"Nimeshapiga, Lik. Nimemtumia Wiwin na wenzetu wa kule, wajue mkia siyo sisi tena. Lazima wajue."

Kasmuin alibaki na utepe mkononi. Rangi yake ilikuwa bado mbichi kwa chini na ilikuwa imeshika vidole viwili. Alimgeukia binti yake.

"Hiyo anaweza kuirudisha?"

"Ni picha moja tu, Pak," Lathifah alisema.

Halafu akamsaidia Rohmad kukunja kitambaa, pembe kwa pembe, rangi ikiwa ndani.